Mafuta ya Kiwele Ndani ya Ekseli

Fundi huyu walimwita Bwana Harusi kwa sababu ya kinyaa chake. Ovaroli yake ilikuwa na mikunjo ya pasi, na oili ikimdondokea kidoleni, mbio bombani kunawa kama mtu aliyeitwa mezani. Gereji nzima ilimcheka. Ila mikono yake ilikuwa mizuri, kwa hiyo walimvumilia.

Sasa, asubuhi moja dada yake mdogo, daktari wa mifugo, akaingia na pikipiki yake ya magurudumu manne. Huko nyuma ilikuwa ikisaga kama mtu anayetafuna mchanga. Na ilinuka. Jamani, ilinuka! Samadi ilikuwa imeganda juu ya samadi, na manyoya ya ng'ombe yamenata humo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Simama hapo hapo, usinikumbatie."

"Kuna ng'ombe kule mlimani ana uchungu, ndama amekaa vibaya. Lakini nikiteremka korongo, nyuma inayumba kama inataka kuniacha. Niambie ukweli, itanifikisha?"

Fundi akavaa glavu, akainyanyua nyuma kwa jeki. Akashika gurudumu juu na chini, akalisukasuka. Ko, ko! Likacheza, na la upande wa pili nalo likaitikia.

"Likicheza moja, unatazama nati zake," akasema huku amegeuza uso pembeni. "Yakicheza yote pamoja, ugonjwa uko katikati, kwenye beringi zinazobeba ekseli."

"Mbona niliipaka mafuta, kama ulivyoniambia?"

"Tutaona."

Akafungua magurudumu, akatoa cheni na diski ya breki, kisha akaigonga ekseli kwa nyundo ya mpira. Ikatoka kwa shida. Nyuma yake ukafuata uji wa manjano, wenye manyoya na chembe za chuma, unanuka maziwa yaliyochacha. Ukamdondokea kiatuni. Bwana Harusi alikimbilia ukutani, akainama, akawa anataka kutapika.

"Hii si grisi!" akapiga kelele aliporudi. "Ni uchafu gani huu?"

Daktari akachota kidogo kwa kidole, akanusa bila hata kukunja pua. "Mafuta ya kiwele."

"Ya nini?"

"Ya kupaka chuchu za ng'ombe kabla ya kukamua. Nilikupigia simu ukasema, 'Wewe ipake mafuta huko nyuma.' Mimi na ng'ombe wangu, mafuta ndiyo hayo. Nikafungua kifuniko, nikashindilia kopo zima."

Mchomeleaji wa jirani, mzee mmoja mwenye maneno, akainua miwani yake. "Bwana Harusi! Hiyo usiitengeneze, ikamue!"

Gereji ikaangua kicheko. Fundi hakucheka. Aliikumbuka simu ile vizuri. Dada alimwomba aende akaitazame zizini, naye akaliona lile zizi kichwani, matope hadi kifundoni, akatamka neno la haraka ili akate simu. Hata kusema "grisi" alishindwa. Beringi zilikuwa mbele yake sasa, gololi zimeliwa, pete imepasuka, na juu ya kitu hicho mdogo wake alikuwa akiteremka korongoni. Kinyaa kikamrudia, safari hii si cha mafuta.

Akavua glavu.

"Kaka, unaumwa?"

"Nyamaza. Glavu haisikii mkwaruzo." Akapitisha kidole kitupu kwenye ekseli, pale beringi zinapokaa, mate yakimjaa mdomoni. Palikuwa laini. Ekseli ilikuwa imepona, zilizokufa ni beringi. Akazigonga zikatoka, akaingiza mkono mzima kwenye tundu zinamokaa, akakomba uji ule hadi chuma kikang'aa. Alitema mate muda wote.

Beringi mpya, alizozitoa stoo ya gereji, zilikuwa zimelazwa kwenye barafu ya sanduku la chanjo la daktari ili zisinyae kidogo. Akaziingiza kwa kugonga pete ya nje tu. "Ukigonga ya ndani, umeiua kabla haijafanya kazi," akamwambia. Akaweka sili mpya za kuzuia maji na uchafu, kisha akampelekea kopo puani. "Nusa. Hii inaitwaje?"

"Grisi."

"Tena."

"Grisi, mwalimu!"

Alipomaliza kufunga akazungusha gurudumu. Likazunguka kimya.

"Basi itanifikisha?" dada akauliza, mguu uko juu tayari.

Bwana Harusi akalitazama bomba. Akaitazama na siti ya nyuma, samadi imekauka juu yake kama keki. Akakunja uso wote, akapanda, akakaa.

"Endesha. Ikilia tu, unasimama."

Walipanda mlima, wakateremka korongo. Nyuma kulikuwa kimya, isipokuwa fundi mwenyewe, aliyekuwa akisema "Pff!" kila kona.