Sauti Iliyoitika Kwenye Kaseti

Harufu ya samaki haikumtoka mama mdogo Nyangeta hata ajisugue vipi. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, na kila jioni akirudi kwetu Igogo, pale Mwanza, alikaa uani na kipande cha ndimu, akisugua kidole kimoja kimoja, huku mama yangu akikaanga mapanki kwenye karai pembeni yake. Mapanki ni yale mabaki ya sangara, kichwa na mgongo, yanayobaki minofu ikishakatwa kupelekwa Ulaya. Sisi tulikula mifupa na tukalamba vidole, wala msituonee huruma, yalikuwa matamu. Basi mama mdogo alijisugua huku akiimba, na wapita njia walipunguza mwendo. Jamani, Nyangeta alikuwa na sauti! Nimesikia waimbaji wengi tangu siku zile, wengine wa kulipiwa kiingilio, na sijabadilisha neno langu. Alikuwa kitindamimba wa Bibi, hajaolewa, na tulilala kitanda kimoja. Asubuhi aliniamsha kwa kunibandika shingoni mikono yake iliyozoea barafu, nami nilipiga kelele nyumba nzima ikasikia.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Maduka yaliyokuwa na viberiti na chumvi tu sasa yalikuwa na sabuni za rangi zote, mitumba ilimwagwa chini watu wakapigana vikumbo, na redio mpya zilisikika kila unapogeuza kitufe. Ndipo ikatangazwa redioni kwamba nchi yetu itapeleka wimbo kwenye mashindano ya nyimbo ya mataifa. Wimbo mmoja tu. Kila mwenye wake, hata asiye na bendi, arekodi kaseti aitume. Zitakazopita zitapigwa hewani Jumapili mchana, na waimbaji watatu wataitwa Dar es Salaam kuchuana mbele ya waamuzi. Igogo nzima ikageuka waimbaji. Fundi cherehani aliimba, muuza mkaa aliimba, hata jirani yetu mmoja mwenye sauti ya kukwaruza kama sufuria alitunga beti kumi na mbili za kusifia mlima na mbuga za wanyama. Mama mdogo hakucheka. Alimwambia mama, "Dada, mimi nikikaa kwenye ile barafu miaka mitano mingine, vidole hivi vitakatika. Hii ndiyo nafasi yangu, sina nyingine." Aliyasema hayo taratibu, akiwa ameangalia mikono yake.

Wimbo aliouchagua haukuwa wa kutunga. Sisi ni Wajita, na kwao mama ni kisiwa cha Ukerewe, nyumba ya Bibi ikiwa hatua chache kutoka ziwani. Katika ukoo wetu, mtu akizama na mwili usipatikane, nduguze husimama ufukweni asubuhi, na mmoja mwenye sauti humwita kwa wimbo. Humtajia mambo ya nyumbani, kwamba moto umewashwa, uji unapoa, kisha huita jina lake. Hufanya hivyo mara tatu, na kila akishaita, wote hunyamaza. Kimya kile ni cha aliyepotea, ili aitike mwenyewe. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuitika, hata mtoto mwenye jina lile lile huzibwa mdomo. Na mtu huitwa siku moja tu, haitwi tena. Mama mdogo alikuwa na miaka minane Bibi alipomwita Babu, na tangu siku ile wimbo ule haukumtoka kichwani. Aliutia maneno ya Kiswahili, akatafuta kijana mpiga gitaa wa Butimba tuliyemwita Mwalimu Deo. Mama alipousikia aliacha karai likaungua. "Nyangeta, una akili kweli? Hapo kwenye jina utamtaja nani?" Mama mdogo akacheka kidogo. "Sitaki kumuua mtu wa watu, dada. Nitajitaja mwenyewe."

Tulirekodi Jumamosi mchana kwenye chumba cha kanisa cha mafundisho ya kipaimara, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili kelele za barabarani zisiingie. Nilikwenda kubeba chupa ya maji tu. Mama mdogo alisimama mbele ya redio kaseti, akafumba macho, akaimba. Alipofika kwenye jina aliita "Nyangeta!" akanyamaza, na chumba kizima kikawa kizito mpaka nikasikia utepe ukizunguka. Mwalimu Deo akasimamisha mashine. Alisema redio haipendi kimya, mtu akisikia kimya anadhani betri zimeisha, anageuza stesheni. Lazima pawe na sauti ya kujibu, na iwe nyembamba, ya mtoto. Wote wawili wakanigeukia. Mama mdogo alinitazama kwa muda, nikaona anataka kukataa. Halafu akasema, "Ester, nikiita, wewe itika tu kama unavyoitika nyumbani." Nilifurahi, niseme ukweli, nilifurahi kupita kiasi. Alipoita "Nyangeta!" niliitika "Abee, naja!" kwa sauti nyembamba na safi, mara zote tatu, na Mwalimu Deo akanikonyeza. Akavunja vile vipande vidogo vya juu ya kaseti ili asitokee mtu wa kufuta, akatengeneza nakala ya kutuma, ile ya kwanza ikabaki kwetu.

Wimbo ulipita. Jumapili ile uani kwetu hapakuwa na pa kukanyaga. Sauti yake ilipotoka redioni watu walishangilia, halafu mmoja mmoja wakanyamaza, na yule jirani wa sauti ya kukwaruza alifuta machozi kwa kanga yake bila kuona haya. Mtangazaji akasema mwimbaji wa Mwanza ni mmoja wa wale watatu. Mama mdogo alinivuta ndani akaninyanyua juu juu, mzito nilivyokuwa, akazunguka nami. Siku ya tatu Bibi akafika. Alikuwa amenyoa kichwa. Kule kisiwani walikuwa wamesikia jina la mwanawe likiitwa kwa wimbo ule, wakadhani Mwanza tuna msiba, wakalia siku nzima kabla ya kufikiwa na habari kwamba ni mashindano. Nilimwamkia "Shikamoo Bibi," hakuitikia. Alimtazama mama mdogo toka unyayoni hadi utosini, akamgusa mikono, akakaa chini. Hakugomba. Aliuliza swali moja tu, "Nani aliyeitika?"

Nilikuwa pale uani nachambua dagaa, ungo mapajani. Nikauinamia. Mama mdogo hakunitupia hata jicho, akasema, "Ni mimi, Mama. Nilibadilisha sauti." Bibi alisema jambo hilo linaweza kufunguliwa, lakini kule kule alikoitiwa Babu, na kabla Nyangeta hajapanda treni ya kwenda Dar es Salaam. Aliyeita na aliyeitika lazima wakanyage maji yale kwa miguu yao na kusema kwa vinywa vyao kwamba walikosea. "Kama ni watu wawili, waje wawili," akasema, akanitazama. Nasema alinitazama. Mama anakataa mpaka leo, anasema Bibi alikuwa akitazama ungo. Mimi nilifunga mdomo nikaendelea kutoa vichwa vya dagaa, mtoto wa miaka kumi, mwoga kuliko panya. Bibi akatangulia kurudi ili akaandae mambo. Jumamosi alfajiri, kabla ya kuondoka kwenda kwa Bibi, mama mdogo alinibandika mikono shingoni kama kawaida. Nikamnong'oneza, "Twende wote." Akasema, "Lala wewe. Nikiwa na wewe Mama atajua, na atakuchapa. Mimi kesho kutwa nimerudi."

Mtumbwi wa injini aliopanda ulipinduka mbali kidogo na kisiwa, umejaa watu na magunia. Wengine waliokolewa, wengine waliokotwa na kuzikwa. Nyangeta hakuonekana. Tulikaa ufukweni kwa Bibi siku nne. Asubuhi ya tano ndugu wote walisimama mbele ya maji, wakasubiri Bibi aanze, maana mwenye sauti nyingine ndiye huyo tuliyekuwa tunamtafuta. Bibi alisimama, akafungua mdomo, akaufunga. "Siwezi kumwita," akasema. "Alishaitwa. Na akaitika." Halafu akageuka kwenda nyumbani, na watu wakamfuata. Hakuna wimbo ulioimbwa kwa Nyangeta. Nilibaki nyuma. Kauli ilikuwa pale mdomoni, maneno matatu tu, "Bibi, ni mimi," na sikuyatoa. Bibi alikufa miaka sita baadaye bila kuyasikia.

Nchi ilichagua wimbo wa mlima na mbuga, si ule wa jirani yetu, mwingine wa bendi kubwa, lakini mlima ni ule ule na simba ni wale wale. Ulikwenda huko ulikokwenda, na sijakutana na mtu anayeukumbuka hata mstari. Siku hizi binti yangu anapigia kura waimbaji kwa simu akiwa amelala kwenye kochi, na kila mtu anarekodi chumbani kwake bila kuziba dirisha. Namuonea wivu, kisha namuogopea. Watu wazima wenzangu waliosoma huniambia mtumbwi ulizama kwa sababu ulijazwa kupita kiasi. Najua. Nilishajiambia hivyo mara elfu moja. Lakini wao hawakuulizwa swali lile uani wakiwa na ungo mapajani.

Mwaka jana mama alinipa ile kaseti ya kwanza, iliyofungwa ndani ya soksi. Nilimpelekea kijana mmoja, fundi simu wa mtaa wa Makoroboi, anihamishie kwenye simu. Alisikiliza akatikisa kichwa. "Mama, huyu dada hatari! Ila hiki kisauti cha mtoto kinaharibu, nikitoe?" Nikamwambia atoe. Alihangaika karibu saa nzima. Akasema hakitoki, kimeingiliana na mwangwi wa ile sauti kubwa, akikata kimoja anakata vyote.

Nilikwenda Ukerewe peke yangu. Nyumba ya Bibi imeanguka ukuta mmoja, lakini ufuko upo. Asubuhi wanawake walikuwa wanaanika dagaa. Nilivua viatu, nikaingia majini mpaka magotini, nikabonyeza simu. Akaimba moto umewashwa, uji unapoa. Akaita, "Nyangeta!" Nikajiziba mdomo kwa mikono miwili, mtu mzima mimi, wale wanawake wakinishangaa. Nilitaka apate kimya chake, hata mara moja. Mtoto wa kwenye simu hakujua lolote. "Abee," akaitika, "naja!"