Feni nne nilizofunga kwenye CPU, na mama mkwe aliyezing'oa mbili

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna jamaa juzi kauliza humu afunge feni ngapi kwenye kompyuta yake isichemke. Nimesoma majibu yote, nikacheka peke yangu, nikaona langu ni refu mno, bora lijitegemee. Mke wangu naye ni member hapa, kwa hiyo nikitia chumvi atanikaanga mbele yenu.

Miaka ile ya ubinafsishaji, Morogoro ilibadilika ghafla. Viwanda vinauzwa, vingine mageti yamefungwa, huku madukani vitu vya nje vimejaa mpaka barazani. Kompyuta za mtumba ndiyo zilikuwa zinaanza kuingia. Mimi nilikuwa karani mahali fulani. Nikaacha kazi, nikanunua moja, nikaifunga sebuleni kwetu Kihonda, nikatundika kibao nje: TUNACHAPA.

Wakuu, ile furaha! CPU ilikuwa ndefu, pana, ya zile za maofisi makubwa. Kila nikiiwasha najisikia kama mtu aliyenunua basi.

Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa dada mmoja mwanafunzi wa kilimo, anaitwa Neema. Utafiti wake ulihusu ugonjwa wa kabichi kule Mgeta. Msimu mzima alipanda na kushuka ile milima na daftari, anahesabu kabichi zilizooza. Kurasa zaidi ya mia, majedwali usiseme. Akaniamini mimi.

Shida ikaanza na lile joto la kabla ya mvua. Nyumba yetu bati tupu, haina dari. Ikifika saa saba mchana mashine inazima. Pap! Ukiiacha ipoe inawaka, baada ya robo saa, pap!

Fundi mmoja akasema tatizo ni power supply, kile kiboksi cha nyuma kinachoingiza umeme. Tukabadilisha. Pap.

Nikavua mfuniko, nikaielekezea feni ya mezani. Ikatulia siku mbili. Lakini vumbi la Kihonda mnalijua. Kale kafeni ka processor kakaanza kukoroma kama mashine ya kusaga. Nikarudisha mfuniko.

Basi bwana, asubuhi moja nikaenda Msamvu, nikapanda basi la Dar, moja kwa moja hadi Kariakoo. Muuzaji ananiwashia feni moja moja, na mimi nachagua kwa kelele! Inayovuma zaidi ndiyo niliyoona ina nguvu. Nikachukua tatu ndogo zinazolia kama nyuki. Ya nne ilikuwa kubwa, inazunguka taratibu, haisikiki. Muuzaji akaniambia, "Na hii chukua tu bosi, haina soko."

Nikafunga zote. Mbili nyuma, kubwa na ndogo moja mbele. Zinaelekea wapi? Sikujua hata kwamba feni ina mbele na nyuma. Nilipowasha, nyumba nzima ikavuma. Nikamwita mke wangu aje asikie. Nilijiona engineer kabisa.

Saa sita kasoro, pap.

Yaani mapema kuliko siku zote!

Hiyo ilikuwa Jumatano. Neema alitakiwa kukabidhi kazi yake Ijumaa, mwisho saa sita mchana. Alikuwa amekaa pembeni yangu, ananisomea masahihisho. Akaniuliza polepole, "Kaka, sura ya nne uliihifadhi?"

Sikuwa nimeihifadhi.

Akatoka, akaenda kukaa barazani, akajifunika uso na mtandio. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Hapo ndipo alipoingia mama mkwe. Alikuwa ameshuka kutoka Matombo na kikapu cha magimbi. Huyu mama, kabla ya kurudi shambani, alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha nguo. Alianzia kwenye kusokota, baadaye akawa anasimamia mitambo ya hewa ya ukumbi mzima. Kiwanda kilipouzwa akapunguzwa na wenzake. Tangu hapo akawa mtu wa kimya. Mimi nilimjua kama mama wa magimbi, basi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba Agata. Mbona binti wa watu analia hapo nje?"

Nikamweleza, macho chini. Mkwe ni mkwe. Hata kukaa hakukaa. Akaisogelea CPU, akaweka kiganja nyuma, kisha mbele.

"Hewa inaingilia wapi?"

"Mama, nimefunga feni nne."

"Sijauliza ngapi. Nauliza inaingilia wapi na inatokea wapi."

Nikaitazama mashine nyuma, nikaitazama mbele.

Akachomoa uzi kwenye pindo la khanga yake, akaniambia niwashe. Akawa anaushika karibu na kila tundu. Nyuma kule juu, power supply inapotolea joto, uzi ukapepea nje. Chini yake kidogo, kwenye feni zangu mbili, uzi ukavutwa ndani!

Wakuu, mashine ilikuwa inatema moto na kuumeza tena. Mbele nako, feni moja inaingiza, mwenzake anatoa. Halafu nilikuwa nimeibana ukutani.

"Kule kiwandani ukifanya hivi unapika watu," akasema. "Hizi zinagombana. Toa mbili."

"Lakini mama, hizi ndogo ndizo zenye nguvu."

"Zina kelele. Kelele siyo hewa, baba."

Nikatafuta bisibisi.

Ile kubwa isiyo na soko tukaiweka mbele, chini, ivute hewa ya nje iingie. Ndogo moja tukaiacha nyuma, juu, tukaigeuza itoe. Tulivyozichunguza tukaona hewa inatokea upande wenye stika, ule wenye vyuma vilivyoshika mota. Zile waya bapa pana za ndani, zilizokuwa zimekaa katikati kama pazia, akazikusanya pembeni na kuzifunga kwa kitambaa. CPU tukaisogeza mbali na ukuta. Halafu akaomba chandarua kikuukuu, akakata kipande, akakibandika mbele pale hewa inapoingilia.

"Hiki ufue kila wiki. Sisi tulikuwa tunasafisha vichujio kila zamu."

Alhamisi tukaanza sura ya nne upya. Neema anasoma, mimi nachapa, mama mkwe kwenye kigoda anamenya magimbi, jicho liko kwenye mashine. Safari hii nilikuwa nahifadhi kila aya!

Saa saba ikafika. Saa nane, bati linalia kwa jua. Mama akanyoosha mkono, akagusa ubavu wa CPU, akaendelea kumenya.

Saa tisa. Saa kumi. Haijazima!

Ijumaa saa nne asubuhi printa ikatema ukurasa wa mwisho. Neema akaikumbatia ile kazi ikiwa bado ya moto, akakimbia kutafuta usafiri bila hata kuaga. Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza anaolewa nani.

Neema aliwahi. Akarudi wiki iliyofuata na mfuko wa kabichi, nzima kabisa.

Nilipomshukuru mama, akasema, "Tangu kiwanda kiuzwe, watu wananiuliza mvua imenyesha huko? Magimbi yameota? Kitu cha kazi yangu, hii ndiyo mara ya kwanza."

Wakuu, nilikuwa nimeoa kwake miaka sita.

Habari zikasambaa. Jamaa mmoja aliyefungua internet café mjini, mashine nane kwenye chumba kimoja, akaja kumwomba. Nikamsindikiza. Mafundi wawili wamesimama na bisibisi zao, mama katikati na khanga yake, anaonyesha kwa kidole, "Ile geuza. Ile toa. Hapo toboa." Na wao, "Sawa mama." Sijawahi kumwona amesimama wima vile.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza, usianze na idadi wala taa za rangi. Jua kwanza hewa yako inaingilia wapi na inatokea wapi. Ya baridi chini mbele, ya moto juu nyuma. Feni kubwa ya taratibu inatosha kuliko ndogo tatu za kelele. Zuia vumbi. Na kabla hujapanda basi kufuata utaalamu mbali, waulize watu wa nyumbani kwako walikuwa wanafanya kazi gani.

Wenye mashine zinazozima mchana, wekeni picha za ndani hapa tuzione. Na wewe uliyewahi kukaa miaka na fundi ndani ya nyumba bila kujua, usione aibu. Tupe kisa chako.