Konzi Moja ya Ndagala

Siku ile tulikuwepo mimi Furaha. Mwalimu Kalunga, kiongozi wa timu yetu. Kiza, fundi baiskeli ambaye huona ndege kabla ndege hajajiona mwenyewe. Mwamini, mshonaji, aliyeshika daftari. Papa Selemani, mwamuzi. Na Mama Feza mwenye ndagala. Nawataja wote ili nikianza kujitetea mjue wa kumuuliza, maana aibu hii haipunguziki: Kalemie nzima, au tuseme ile nusu iliyokuwa ufukweni, iliniona nimelala kifudifudi juu ya samaki wa mtu.

Lilikuwa shindano la kuhesabu ndege. Timu nne, tangu alfajiri hadi saa sita mchana, kuanzia pale mto Lukuga unapotoka ziwani hadi ufukwe wa wavuvi, na kila timu ina watu walioahidi kutoa chochote kwa kila aina ya ndege itakayoonwa, na fedha hiyo ilikuwa ya kulinda matete ambamo samaki huzalia, yale ambayo watu wanayakata na kuyachoma kila siku. Mama Feza, anayeanika ndagala mchangani (wale samaki wadogo wa ziwa letu), ndiye wa kwanza kutuahidi. Tena mlinzi wa matete angeajiriwa kutoka timu itakayoshinda, na wenzangu walikuwa wamekubaliana kwamba sisi tukishinda, kazi ni yangu. Walijua hali yangu. Niliacha masomo mwaka wa pili wa sekondari, baba alipozama ziwani na mama akamfuata, nikabaki na wadogo watatu wanaoniita Yaya, dada mkubwa, na wanaofukuzwa shuleni kila minerval, yaani ada, inapochelewa. Kwa hiyo wenzangu walihesabu ndege, mimi nilihesabu mishahara.

Ilipofika saa tano na nusu tulikuwa na aina thelathini na saba, na timu iliyotutangulia ilikuwa na arobaini. Papa Selemani alikuwa ametusomea masharti asubuhi: ndege aonwe na watu wawili, na asiitwe kwa chakula. (Nilisikia vizuri, nisiwadanganye.) Lakini nilikuwa na ndagala wakavu kwenye pindo la kitenge, chakula changu cha mchana, na nikamkumbuka baba, jinsi alivyokuwa akifika ufukweni na kabla hajasalimia mtu anapiga mluzi na kurusha matumbo ya samaki juu, na ndege wa ziwa zima wanakuja kama ndugu waliosikia kuna karamu. Nikajiambia, konzi moja tu. Nikazunguka nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, nikapiga mluzi wa baba, nikarusha.

Walikuja. Mwewe kwanza, kisha shakwe, kisha kwarara na mdomo wake uliopinda, kisha yangeyange, na mwisho kongoti, wale wakubwa wenye upara wanaotembea kama wazee wa mahakama. Konzi moja haikuwatosha hata kuonja. Wakainua vichwa, na ng'ambo ya mtumbwi wakaona ndagala wa Mama Feza, mabeseni matatu yametandazwa mchangani, na hakuna mtu. Kwa kawaida Mama Feza haondoki pale hata kwenda kunywa maji, anakaa na fimbo yake yenye kitambaa. Siku ile aliondoka hatua hamsini tu, kuja kutushangilia sisi.

Nikavua kitenge cha juu nikakimbia nacho nikiwapungia ndege, nimebaki na sketi ya ndani yenye viraka (ndiyo, wote waliihesabu), nikateleza juu ya ndagala, nikaanguka. Na Mwalimu Kalunga, darubini machoni, haoni mtu wala samaki, anapiga kelele, "Arobaini na moja! Arobaini na mbili, kongoti! Mwamini, andika!"

"We Furaha," mvuvi mmoja akaniita, "unawafukuza ama unawakaribisha mezani?"

"Wanakula minerval ya watoto wangu," Mama Feza akalia, "na mwalimu anawahesabia sahani!"

Walipoondoka, tulikuwa na arobaini na mbili. Tulikuwa tumeshinda. Papa Selemani akauliza, "Nani aliwaita hawa ndege?"

Mwalimu akaniinamia sikioni. "Nyamaza. Kongoti hatoi ushahidi."

Nikaona sura za wadogo zangu, mmoja baada ya mwingine. Kisha nikamwona Mama Feza amepiga magoti, anaokota ndagala mmoja mmoja na kupuliza mchanga.

"Njo mie, Papa," nikasema. "Mie niliwarushia."

Mwamini akakata wale watano daftarini kwa rula, mstari umenyooka kama anakata kitambaa. Tukaondolewa kwenye shindano. Kiza aliniambia neno moja tu, "Yaya, zilibaki dakika kumi!", na mpaka leo ananisalimia kwa kidevu. Wiki ile mdogo wangu wa mwisho alirudishwa kutoka shuleni, nami nikamwambia ukweli.

Kesho yake baada ya shindano nilikwenda kwa Mama Feza. "Nitakulipa, Mama."

"Kwa kitu gani? Weye unafuga ndagala?" Akanitazama sana, kisha akanipa fimbo. "Asubuhi thelathini. Mie mikono imechoka."

Hivyo mimi niliyetaka kulinda matete ya samaki dhidi ya watu, sasa nawalinda samaki dhidi ya ndege, na mchana narudi kwenye mandazi ninayouza. Ahadi yake Mama Feza aliitoa yote. "Wale thelathini na saba nimewalipia," alimwambia Mwalimu. "Wale watano walijilipa wenyewe."

Simwiti tena mgeni kabla sijajua atakula chungu cha nani, na mluzi wa baba nimeuweka kando. Kongoti lakini hawajasahau. Kila asubuhi wanasimama mbali kidogo, wananitazama, wanangoja nirushe. Zimebaki asubuhi kumi na moja.