Sindano Kwenye Friza ya Nyama

Mume wangu alitaka upasuaji. Mimi ndiye niliyekataa.

Daktari wa mjini Machakos alitueleza pole pole. Ini lake lilikuwa limejaa mafuta na makovu yalikuwa yameanza. Yeye pombe hajawahi kuonja, ingawa pale kwetu Tala ukisema ini watu wanakutazama kama mlevi wa chang'aa. Uzito ukishuka sana, daktari alisema, mafuta hutoka, na makovu machanga huweza kupungua. Njia zilikuwa mbili: kumpunguza mfuko wa chakula kwa upasuaji, ambao hushusha uzito mwingi na kwa muda mrefu, lakini kisu ni kisu, au sindano ya kila wiki ya kukata hamu ya kula, isiyo na kidonda, ila ukiiacha uzito unarudi.

"Mimi wanikate tu nimalizane na hii maneno," mume wangu akasema.

"Ukatwe na bado unatembea? Haiwezekani!" Nilimfokea mbele ya daktari. Dada yangu aliingia chumba cha upasuaji akicheka, akatolewa amefunikwa shuka. Niliogopa, na nikaushinda uamuzi wake kwa woga wangu.

Dawa niliichukua mimi peke yangu, kwenye dirisha la dawa la hospitali. Mhudumu alieleza mengi, nami, mwenye haraka zangu, nikashika moja tu: ikae kwa baridi. Nyumbani hatuna friji. Jirani mwenye duka akanipa nafasi kwenye friji yake ya soda, nikaidharau kwa vile inafunguliwa kutwa nzima. Nikapeleka boksi kwa muuza nyama, nikalisukuma chini kabisa ya friza, kwenye barafu ngumu. Nilijiona mjanja sana. Karatasi ya maelezo sikuisoma.

Kila Jumamosi nilileta sindano moja, nikaiacha mezani iyeyuke, kisha nikamdunga. Miezi ikapita na mizani haikusogea. Nikaanza kumchunga. Nilipekua mifuko ya koti lake nikitafuta makombo ya mandazi.

"Mama, naskia njaa kama zamani," mume wangu aliniambia. "Hii sindano haishiki."

"Njaa yako ni ya kichwa," nikamjibu. Jumapili moja, kaka zangu wakiwa mezani, nilimwita mlafi na kumwambia atakufa akitafuna. Alisogeza sahani yake ya muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, kando, akatoka nje.

Mwaka uliofuata tumbo lake likajaa maji. Daktari yule yule akatazama picha, akasema ini limekakamaa, na upasuaji ule sasa ungeweza kumuua. Kisha akauliza dawa tuliiweka wapi.

"Kwa friza," nikajibu upesi, tena kwa majivuno. "Barafu tupu, daktari."

Akavua miwani. Akasema dawa ile ikiganda huharibika, na hata ikiyeyuka haifanyi kazi tena. "Kwani hamkuambiwa isigande?"

Mume wangu akanitazama kidogo tu.

"Niliambiwa mimi, daktari," akasema. "Nikasahau kumwambia huyu mama."

Haikuwa kweli. Kwenye dirisha la dawa hakuwahi hata kufika.

Daktari akaanza kumkaripia, mzee mzima, kwamba ameyachezea maisha yake mwenyewe. Mume wangu akainamisha kichwa, akakubali kila neno. Nami nikanyamaza.