Kwani na Foleni ya Mama Kadi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na kwa miaka minne nimekaa meza moja na mwanamke anayeweza kumtoa malaika kwenye subira yake. Jina lake analo, lakini ofisi nzima tunamwita Kwani. Kwani lini? Kwani nani kasema? Kwani msipofanya hivyo itakuwaje? Mumewe alituapia kwamba siku aliyokwenda kuposa alihojiwa mpaka akasahau kilichompeleka.

Kwani huwatembelea wateja kabla sisi hatujaandika hata mstari mmoja. Anawauliza kazi yao inavyokwenda na wanataka mfumo uwasaidie nini, anachambua majibu, kisha anatuletea mahitaji yaliyopangika. Kwa lugha yangu ya wakati ule, kazi yake ilikuwa kutuchelewesha.

Basi ikaja zahanati. Mkurugenzi wake, bwana nadhifu asiyependa maneno mengi, alitaka mfumo wa foleni: mgonjwa anabonyeza, anapata namba, skrini inamwita. "Anayetangulia kufika ndiye anayetangulia kuhudumiwa," alituambia. "Mfumo ukianza, kaunta ya mapokezi tunaiondoa. Mama Kadi naye akapumzike nyumbani."

Mama Kadi ndiye aliyekuwa mapokezi. Miaka kumi na tisa alikaa kiti kilekile, akipokea kadi za wagonjwa na kuzipanga kwenye kisanduku cha mbao. Maneno yale yalisemwa yeye akiwa amesimama mlangoni. Akajibu, "Sawa, bosi," akarudi kazini. Nani asingeumia?

Mimi nikashika kasi. Wiki mbili tu, programu ikawa tayari. Kumbe Kwani bado yuko zahanati, kakaa kwenye benchi la wagonjwa! Nikampigia simu nimefura.

"We dada, unaumwa?"

"Siumwi. Kuna kitu hapa."

"Kitu gani? Foleni ni foleni!"

"Kaka, acha kelele, njoo uone. Njoo sasa hivi!"

Sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha, nikaenda. Akanifungulia daftari. Upande mmoja aliandika watu walivyofika, upande wa pili walivyoingia kwa daktari. Pande hizo mbili hazikufanana hata kidogo. Wa ishirini na sita kaingia wa tatu. Wa kumi na tisa kaingia wa tano.

"Mama Kadi anachomeka kadi katikati," alininong'oneza.

"Si nilijua! Anapitisha ndugu zake."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Nikamuuliza, akaapa kwamba harukishi mtu. Na hasemi uongo, kaka. Mkono wake unafanya, mwenyewe hajui! Sasa sikia: kwa siku tatu kachomeka kadi kumi na moja. Wagonjwa tisa kati ya hao, daktari aliwalaza au aliwakimbiza hospitali kubwa."

Haki ya Mungu, nywele zilinisimama. Hili halikuwamo kwenye karatasi yoyote. Mfumo wangu mzuri ungewaacha wale tisa kwenye benchi wakisubiri namba, na Mama Kadi, anayewaona, angekuwa kwake akifua nguo.

Tulipomweleza mkurugenzi, hakuelewa somo. "Siku tatu si ushahidi," alisema. "Ijumaa tunajaribu mfumo, Jumatatu kaunta inaondoka."

"Sawa," Kwani akamjibu. "Ila Ijumaa kaunta ukae wewe, Mama Kadi akae benchi, asiguse kitu." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bwana yule akacheka, akakubali.

Ijumaa skrini ikaanza kuita. Ikafika kumi na mbili. Kumi na tatu. Mkurugenzi anatabasamu, watu wanaingia kwa mpangilio, mimi mwenyewe nikaanza kuona aibu. Mama Kadi alikuwa amebana mikono katikati ya magoti, macho yake yako kwa mjamzito mmoja kwenye kona. Binti katulia, hasumbui mtu, namba yake thelathini na nne.

Kumi na nne. Mama Kadi akainuka.

"Kaa, mama, zamu yake bado," mkurugenzi akasema.

Akakaa. Kumi na tano. Kumi na sita.

"Bosi, nifukuze leo hiihii!" Mama Kadi akaruka, akamshika yule binti mkono, akamwingiza kwa daktari bila hata kubisha hodi.

Haikupita dakika tano, daktari akatoka mbio akiita gari la wagonjwa. Halafu akageuka. "Nani kamleta huyu?"

"Mimi," Mama Kadi akajibu kwa sauti ndogo.

"Presha imepanda vibaya sana. Angesubiri zamu yake tungewakosa wote wawili."

Mkurugenzi akatazama skrini. Ilikuwa inaita kumi na saba.

"Ulijuaje, mama?"

"Sijui, bosi. Uso wake ulikuwa umejaa. Na taa ilikuwa inamuumiza macho, anajikinga kwa mtandio." Akafikiri kidogo. "Miaka kumi na tisa, leo ndiyo umeniuliza."

"Ngoja, ngoja!" Kwani alikuwa ameshapiga magoti mbele yake, kalamu mkononi, machozi yanamtoka huku anacheka. "Uso, taa, na nini tena? Na mtoto mwenye homa, unamjuaje? Anza mwanzo, mama yangu, usiruke kitu!"

Mama Kadi alisimulia mpaka mchana. Kesho yake tukasikia binti kajifungua, yeye na mtoto wazima. Nilipiga vigelegele, mwanamume mzima, ofisini.

Nikafuta kazi yangu ya wiki mbili bila kinyongo, nikaanza upya. Sasa skrini inaita namba kwa zamu kama kawaida, lakini kaunta ipo palepale. Juu yake kuna kitufe kimoja cha kumtanguliza mgonjwa, na mkurugenzi mwenyewe aliandika kwenye mkataba kwamba anayekibonyeza ni Mama Kadi.