Siku Walipomzidishia Kambale Miaka

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya ujana wangu inayonirudia kila ninaposikia redioni watu wa Beni na Butembo wakisema: huyu mtoto ameshiriki wizi wa kutumia silaha, basi ahukumiwe kama mtu mzima, afungwe na watu wazima, tumalize. Hapo napunguza sauti ya redio. Si kwamba uchungu wao siusikii, nausikia sana. Napunguza ili nijiulize: yule anayepiga kelele kuliko wengine wote, yeye anapata nini?

Wakati ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, nikiuza mafuta ya ngazi, yaani mawese, pamoja na mama yangu hapa Butembo. Mafuta yalitoka upande wa Mbau ndani ya bido, madumu ya manjano, na mama hakulipia bido hata moja kabla ya kuipindua aone kama chini kuna maji. Hata bido ya kasisi aliipindua. Wauzaji walimheshimu, lakini sikumbuki aliyempenda.

Usiku mmoja wezi waliingia katika boutique ya kaka yangu, duka lake la vitenge. Walikuwa watatu. Kaka alijaribu kuushika mlango, wakamkata mkono kwa panga. Majirani walipotoka, mmoja alikuwa amekwisha kukimbia na furushi la vitenge, wa pili, mtu mzima, walimkamata ndani ya mfereji, na wa tatu walimkuta amesimama nje na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukumia mizigo, imejaa vitu vya kaka. Huyo wa tatu alikuwa Kambale, mtoto wa jirani yetu. Hakukimbia. Alilia huku ameishikilia chukudu kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kuulizwa kwa nini ameiacha.

Kulipokucha, kaka akiwa hospitalini, mimi na mama tulikwenda kwenye buro ya polisi. Watu walijaa mpaka barabarani. Lori lilikuwa tayari kupeleka wafungwa Beni, kwenye gereza la wakubwa. Mkubwa wa polisi, mtu aliyetoka mbali kabisa, magharibi ya nchi, alitueleza bila kuzunguka: mwenye miaka kumi na nane anapanda lori, aliye chini ya hapo anabaki, anapelekwa kwa muamuzi wa watoto. Yule mwizi mzima hakuwa na maneno mengi, alishapanda. Aliyebaki kujadiliwa ni Kambale. Kijana hakuwa na karatasi yoyote ya kuzaliwa, kama wengi wetu.

"Nani anajua myaka ya huyu?" akauliza mkubwa.

Basi soko likafunguliwa.

Wa kwanza alikuwa Dezi, mwenye depo ya mizigo ambako Kambale alisukuma chukudu. Alivaa koti zuri asubuhi ile, kama mtu aliyejua ataitwa kusema. "Chef, huyu iko na kumi na tisa. Mi ndiye namupatiaka kazi, mi najua. Angalia mabega! Ile ni bega ya mutoto?"

"Apande! Apande!" watu wakaitika. Nami niliitika pamoja nao. Damu ya kaka ilikuwa haijakauka kwenye kitenge changu.

Mama yake Kambale akapiga magoti. "Kumi na tatu, chef! Kumi na tatu tu, Nyamuhanga, Mungu wetu, anaona!"

"Kumi na tatu na ile ndevu?" mtu akasema nyuma, na wengine wakacheka, ingawa hakuna aliyekuja pale kucheka.

Mkubwa wa polisi akajifuta paji la uso. "Huyu anasema kumi na tisa, huyu kumi na tatu. Donc, basi tukutane katikati, kumi na sita, kila mutu arudi na furaha? Hapa hapana soko, bamama. Nani mwengine anajua?"

Mwanangu, nimeuza mafuta maisha yangu yote, lakini sijaona bidhaa inayopanda na kushuka bei kama miaka ya mtoto. Akitafutwa wa kucheza mpira na wadogo, tunaishusha. Akija mwenye kutaka kuoa, tunaipandisha. Ikifika polisi, kila mtu anataja ile inayomfaa yeye, kisha anaapa.

Mama yangu akasogea mbele. Watu wakampisha, maana walimjua.

"Chef, mi ndiye mama ya ule bamekata."

"Sema, mama! Sema apande!"

Hakuwageukia. "Huyu mutoto anaitwa Kambale."

"Jina yake naijua," mkubwa akasema.

"Unaisikia, lakini hapana ijua. Kwetu Banande, mutoto mwanaume wa kwanza tunamuitaka Paluku, wa pili Kambale. Huyu iko na mukubwa wake Paluku, mama moja, baba moja. Ule Paluku alizaliwa wiki moja na mutoto wangu wa mwisho, mi na mama yake tulilala vitanda pembeni kwa pembeni. Wangu iko na kumi na saba. Sasa mudogo atamupita mukubwa wake namna gani?" Alihesabu kwa vidole, kisha akarudia kwa mkono mwingine. Halafu akamgeukia yule mama aliyepiga magoti. "Na weye, mama Paluku, acha uongo. Kumi na tatu ya wapi? Iko na kumi na tano. Simama, unachafua kitenge bure."

Dezi akaingia kati haraka. "Chef, mambo ya majina hapana ya kuamini. Batu banapana majina ovyo. Apande tu, lori inangoja."

Mama akamtazama kama anavyotazama bido iliyojaa mno.

"Dezi, weye bamekuiba nini?"

"Hapana kitu, mama."

"Bamekata nani kwako?"

"Hapana mutu."

"Mi ndiye mutoto wangu bamemukata, na mi hapana na haraka. Weye haraka yako inatoka wapi?"

Watu wakamgeukia Dezi. Mkubwa wa polisi, ambaye nilidhani hasikilizi, akainua kichwa. "Chukudu ni ya nani?"

"Ya depo," Dezi akasema. "Lakini mi hapana jua alienda nayo wapi."

"Sijakuuliza alienda nayo wapi." Akafunga kalamu yake. "Mutoto anabaki. Na weye mama, toka asubuhi ni weye wa kwanza kusema kitu bila kutafuta faida."

"Faida naitafuta," mama akajibu. "Ungoje."

Njiani nilimlipukia. "Mama, weye uko upande ya nani? Kaka iko hospitali, na weye unamuhesabia mwizi myaka!"

Hakusimama wala hakupandisha sauti. "Niko upande ya kaka yako, Kahindo. Mutoto akipanda lori na ule mwizi, watalala chumba kimoja. Atathubutu kuniambia nani alibatuma? Batamufundisha kunyamaza. Kiisha kunyamaza, batamufundisha panga. Ile kumi na tisa bamemupatia leo, akirudi atakuwa nayo ya kweli. Na atarudi hapa hapa, kwetu."

Niliongeza mwendo, nikamtangulia. Nilikuwa bado na hasira, tena hasira tamu, ile isiyotaka kuambiwa kitu.

Siku chache baadaye Kambale aliketi mbele ya muamuzi wa watoto, mama yake pembeni, yule mwizi mzima yuko Beni. Hapo akafungua kinywa. Ni Dezi aliyemtuma na chukudu, akimwambia kuna mzigo amenunua wa kubeba usiku. Alipofika akaelewa ni mzigo wa namna gani, na akaambiwa akiondoka watamkata Paluku. Polisi walipofika depo walikuta kufuli. Dezi walimkuta sokoni Kirumba, anauza vile vitenge vya kaka yangu vilivyokimbizwa, na anapunguza bei vibaya, jambo ambalo mama aliliona kosa la pili. Yeye alipanda lori. Miaka yake haikujadiliwa na mtu.

Usifikiri Kambale alipewa peremende. Alitolewa kwao, akawekwa mahali pa kulelea watoto wa namna ile, akafundishwa useremala, na kila kosa lake likasemwa mbele yake kwa jina. Aliporudi alikuja kwa kaka. Kaka alimwacha amesimama muda mrefu sana, akimwonyesha ule mkono ambao vidole viwili havikufunga tena, kabla ya kumwambia keti. Leo Kambale ana watoto wake. Kitanda changu alikitengeneza yeye, nami nilikitikisa mara mbili kabla ya kulipa. Sijamwamini kabisa, nakuambia ukweli. Lakini kutomwamini mtu ni jambo moja, na kumzidishia miaka ni jambo lingine.

Sasa sikia ninachotaka ukishike. Siku hizi wako watoto wanaokamatwa wakiwa na bunduki, wengine walichukuliwa shambani kwa nguvu, wengine walikwenda kwa miguu yao. Mtu aliyefiwa akililia hukumu kali, usimfundishe huruma, kaa naye tu. Mtoto akikosa, ajibu kosa lake, asikwepe hata nukta. Lakini ajibu kama mtoto, mbele ya muamuzi wa watoto, mbali na wakubwa waliomtuma, maana gereza la wakubwa ndiko sauti yake inakozimwa na mikono yake inakofundishwa panga. Anayemshusha miaka ili asiadhibiwe, mshuku. Anayempandisha ili apotee haraka, mshuku mara mbili. Na nafsi yako pia ishuku, siku ukijikuta unapiga kelele na umati na hujui nani aliyeianzisha.

Nyamuhanga akulinde katika barabara hizi zetu, mwanangu. Akurudishe nyumbani na wote uliotoka nao. Akupe jicho la kumwona aliyesimama nyuma ya mtoto, na siku utakapoulizwa miaka ya mtoto aliyekuumiza, akupe kifua cha kuitaja kama ilivyo.