Mama Aliyerudia Sufuria

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyangu vya ualimu, kwa sababu sikuwa na vingine. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu hapa Goma. Kisha wakimbizi wakavuka mpaka, umati ambao macho hayakuona mwisho wake, wakalala madarasani mwetu na madawati yakageuka kuni. Sikuwalaumu, maana alfabeti haichemshi maji. Lakini shule ilifungwa, nami nikaenda kuomba kazi katika sala ya video, yaani ukumbi wa kuonyeshea filamu, huko Birere, nikidhani watanipa kazi ya kukata tiketi mlangoni.

Mwenye sala alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, mnene, mpole, aliyependa kuitwa Papa Direkteri. Hakuuliza diploma. Aliuliza kama nina sauti. Nilipomjibu kwamba nimefundisha darasa lililojaa hadi dirishani, akaniwekea mikro, yaani kipaza sauti, mkononi.

“Mutafsiri wangu amerudi ku Beni,” alisema. “Leo ni wewe.”

“Filme ni ya luga gani, Papa?”

“Sijue. Ya kule Asia. Wewe angalia, useme.”

“Na nisiposikia kitu?”

“Watu hawalipake juu ya kuona tu, Madamu. Wanalipa juu mutu aseme nao.”

Hiyo ndiyo semina yote niliyopewa. Dakika chache baadaye nilikuwa nimeketi kwenye kiti kando ya televisheni, sala imejaa hadi ukutani.

Vijana wa siku hizi, mnaotazama filamu kila mtu peke yake kwenye simu, kazi hii hamuijui. Sisi tuliiita kubeba filme. Mtafsiri alitazama midomo ya waigizaji ili anyamaze wanaponyamaza, huku sikio moja likiwa kwa watu na jingine kwa mashine. Mashine yenyewe, manyetoskopu, ilikuwa na kichwa kidogo cha chuma kilichosoma utepe wa kaseti. Vumbi letu la volkano lilipokipata, picha ilijaa mistari. Hapo ulisimamisha kila kitu, ukakisafisha kwa pamba na alkoli huku watu wakikupigia miluzi. Na kila tulipomaliza tulirembobine, yaani tuliurudisha utepe mwanzo, kwa hiyo kaseti ilichakaa mara mbili, kwenda na kurudi.

Filamu ya siku ile ilikuwa ya zamani. Mnyama mkubwa amelala chini ya ziwa. Watu wanalipua mabomu majini, anaamka, anatoka, anaukanyaga mji akitafuta mahali pa kupumzika, na mwisho anarudi majini mwenyewe. Ni hayo tu. Kila mtu aliona kwamba ndani ya yule mnyama kuna mtu. Shingo yake ilikunjika kama godoro, na nyumba alizozikanyaga zilikuwa za karatoni. Tulicheka sana. Lakini alikuwa anachoka yule, mabega yakimshuka, na nilipoanza kulia badala yake kwa sauti yangu, maana sauti ya kaseti ilikuwa imeharibika, kicheko kilipungua. Watu wakamwita Muzee wa Mayi, yaani wa maji. Hakuna aliyemchukia. Sisi tunaoishi kati ya volkano na ziwa lenye gesi hatuhitaji kuelezwa kwamba kitu kinaweza kukuharibia nyumba bila kuwa adui yako.

Halafu ikafika sehemu ya watu kukimbia. Mji mzima uko barabarani, wenye mikokoteni, wenye magodoro kichwani, wenye watoto mgongoni. Katikati yao mwanamke mmoja aliyefunga kitambaa kichwani anasimama. Anageuka, anapita kinyume cha watu wote, anaingia nyumbani kwake. Mlango unabaki wazi, giza tupu ndani. Kisha anatoka na sufuria, kifuniko juu yake, anaiweka kichwani na kuendelea na safari. Filamu haimwonyeshi tena. Nafikiri hata aliyeitengeneza alimsahau.

Mimi sikujua niseme nini. Likanitoka neno ambalo jirani yangu alilisema siku tulipokimbia risasi mara ya kwanza:

“Muningojeeko! Maharagi yangu iko ku moto!”

Sala ililipuka kwa kicheko. Kisha kicheko kikakatika ghafla, na nikasikia watu wakipenga kamasi. Karibu kila mmoja humo alikuwa amekimbia kitu, na kila mmoja alikuwa na sufuria yake aliyoiacha au aliyoirudia. Tangu siku hiyo sikuhitaji tena kusema maneno hayo peke yangu. Mwanamke alipogeuka tu, sala nzima ilisema pamoja nami.

Miongoni mwa waliokuja kila Jumamosi mchana alikuwa Mama Furaha, mkulima wa Kibumba aliyehamishwa na vita, ambaye sasa aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, katika soko la Kituku. Alikaa karibu na mlango na beseni lake tupu magotini. Yeye hakusema lolote pamoja na wenzake. Alimtazama yule mwanamke akiingia, akamtazama akitoka, kisha akainuka na kwenda zake, mnyama akiwa bado anavunja mji. Jambo hilo lilinichokoza. Nabeba filamu nzima, huyu anaondoka katikati! Siku moja nikamfuata nje.

“Mama Furaha, filme yangu haikupendeze?”

Akatabasamu. “Inanipendeza, Madamu. Lakini mimi nakujaka juu ya yule mama wa sufuria.”

“Yule? Ni kitu kidogo tu, anapita.”

“Siku tulikimbia Kibumba, mama yangu alirudia sufuria,” alisema. “Niliona anaingia mu nyumba. Watu wakanisukuma. Sikuone anatoka.” Alilipangusa beseni lake kwa kitenge, ingawa lilikuwa kavu. “Najua ile ni sinema. Mama yangu haiko mule. Lakini yule anaingiaka, na anatokaka. Kila mara anatokaka.”

Nilirudi ndani kuendelea kuibeba filamu. Kuanzia siku ile, sehemu hiyo niliibeba kwa heshima.

Tukaenda hivyo miaka. Askari walibadilika, bendera zilibadilika, tulifunga na kufungua, nami shuleni sikurudi tena. Kisha lava ya volkano ikashuka hadi katikati ya mji na kuimeza sala ya Papa Direkteri, kuta, viti na jenereta. Kaseti ilipona kwa sababu siku hiyo ilikuwa nyumbani kwangu. Papa Direkteri alilitazama lile jiwe jeusi lililokuwa bado linatoa moshi, akasema, “Bon, Madamu, tumefunga,” akapanda lori la kurudi Butembo. Nilimpenda sana mzee yule, na sikumwona tena.

Bosi wangu wa pili alikuwa kijana, kiongozi wa chama cha vijana waliojenga sala ya mbao juu ya lava huko Majengo. Tulimwita Prezida. Alikuwa mchapakazi, mwenye haraka, na alipenda kila kitu kiwe kipya. Kaseti yangu aliivumilia tu, kwa sababu watu waliidai. Lakini ilikuwa imechoka, na ilichoka zaidi pale pale palipopendwa. Sehemu ya sufuria tulikuwa tumeirembobine mara nyingi mno, watu wakiomba kuirudia, hata utepe ukalegea na kuchafua kichwa cha mashine.

“Tukate hapo, tuunganishe,” Prezida alisema. “Ni kipande kidogo tu.”

“Ukikata hapo, ukate na mushahara wangu,” nikamjibu.

Basi siku moja akarudi kutoka safari ya mbali, anang'aa, na diski mkononi. Waamerika walikuwa wameitengeneza upya filamu yetu. Ziwa ni lile lile, mnyama ni yule yule, na ilizungumza Kifaransa tayari. Aliandika tangazo kwa chaki: MUZEE WA MAYI, MUPYA. Watu walijaa kuliko siku yoyote niliyowahi kuona. Mama Furaha alifika mapema na kuketi mahali pake. Nami niliketi kwenye kiti changu na mikro, nikijua kwamba sina kazi.

Niseme ukweli, ilitengenezwa vizuri. Ngozi ya mnyama iling'aa, maji yalikuwa maji kweli, na aliponguruma viti vilitikisika. Mwanzoni tulipiga makofi. Lakini alikuwa haraka kama mbwa, tena daima gizani, daima mvuani, na hukumwona akichoka. Mzee mmoja mbele yangu alinong'ona, “Uyu, mu ndani hamuna mutu.”

Ikaja sehemu ya kukimbia. Sala nzima ilivuta pumzi. Watu walionyeshwa kutoka juu, kutoka helikopta, wadogo kama siafu, wakikimbia mikono mitupu.

“Hata godoro moja hamuna?” mtu alipaza sauti. “Hawa wanakimbilia ku harusi?”

“Mama iko wapi?” mwingine akauliza. “Mama wa sufuria!”

Picha ilikuwa imeshamhamia askari mmoja mzuri wa sura anayemwokoa mtoto wake mwenyewe. Nikamtazama Mama Furaha. Alikuwa ameinama mbele, akitafuta kwenye ule umati mdogo mdogo uliobaki pembeni mwa picha. Sikuweza kuvumilia. Nikawasha mikro na kusema juu ya Kifaransa chao, “Muningojeeko! Maharagi yangu iko ku moto!”

Hakuna aliyeitikia. Mama Furaha aligeuka, akaniangalia mimi badala ya televisheni.

“Usinidanganye, Madamu,” alisema polepole. “Hayuko.”

Akachukua beseni lake na kutoka. Katika miaka yangu yote ya kazi, hakuna miluzi iliyoniuma kama sauti yake ile.

Mwishoni mnyama alipigwa makombora, akafa, na watu wa kule wakashangilia. Kwetu yule mzee wa mbele akasema, “Silaha ndiyo imemaliza shida? Hapa iko mingi, mbona haiyamalize?” Sala ikacheka, lakini kicheko cha hasira. Walitoka wakilalamika kama watu waliouziwa samaki wa jana.

Prezida alikuwa karibu kulia. “Nimewaletea kitu mupya, kizuri, wananitukana! Si ni filme moja na ile?”

Nilimhurumia, maana alikuwa ametuletea zawadi. “Si moja, Prezida,” nikamwambia. “Ile ilikuwa na sisi mu ndani.”

Akafuta lile tangazo lake la chaki. Kisha akasema, “Jumamosi uweke ya zamani.”

Nilimtumia Mama Furaha habari kupitia wanawake wa Kituku. Alikuja, akakaa mlangoni. Nilikisafisha kichwa cha mashine mpaka pamba ikatoka nyeupe, lakini utepe niliujua. Mwanamke akageuka, akapita kinyume cha watu, akaingia nyumbani kwake. Hapo picha ikapasuka kuwa mistari mitupu. Hatukuona mlango wala giza. Nilisema maneno yangu, na safari hii sala yote ilisema nami, polepole, kama sala ya kanisani. Mistari ikaendelea. Kisha ikafunguka, na yule mama alikuwa tayari yuko barabarani, sufuria kichwani, anaenda.

“Ametoka,” alisema Mama Furaha. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake ndani ya sala filamu ile ya zamani ikionyeshwa.

Kaseti ilikatika mwaka huo huo. Baadaye simu zikaja, sala ikawa duka la mkaa, nami nikastaafu bila hotuba wala keki. Mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu ananiambia kwamba filamu za mnyama zinatengenezwa upya kila mara, na kwamba dunia nzima kuna watu wanaozilalamikia kama sisi. Huwacheka, anadhani ni wazee wasiopenda mapya. Mimi siwacheki. Wala siwachukii wanaotengeneza upya. Wanamchukua mnyama, kwa sababu wanaamini mnyama ndiye filamu. Pengine hawajawahi kuondoka nyumbani chakula kikiwa motoni. Anaponionyesha moja kwenye simu yake, nauliza tu kama mama wa sufuria yuko. Hajawahi kuwepo.

Vita vilipoufikia mji tena, Mama Furaha alikuwa jirani yangu. Tulitoka pamoja, yeye na furushi lake, mimi na langu, tukaingia katika watu wengi walioshuka kuelekea ziwani. Hatukuwa tumefika mbali nilipokumbuka. Hata sikufikiri. Nilimwachia furushi langu nikarudi, nikisukumana na watu wote, huku risasi zikisikika upande wa juu. Jikoni moshi ulikuwa umejaa. Nilitafuta kitenge cha kushikia, nikakikosa, nikavua kile nilichojifunga juu ya sketi, nikaiondoa sufuria motoni, na hayo yote yalichukua muda.

Nilipotoka nayo, Mama Furaha alikuwa amesimama katikati ya barabara na mafurushi mawili miguuni, watu wakimpita na kumgonga mabega, mmoja akimtukana. Hakuwa amesogea. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wangu.

“Ametoka,” alisema, kama vile anamweleza mtu mwingine.

Nikamwambia kwamba maharagi hayajaiva. Akafunga mafurushi yote mawili mgongoni, akashika shikio moja la sufuria, mimi nikashika la pili, tukaondoka.